Mafuta ya karafuu: harufu njema ya Ijumaa na hatari iliyomo chupani

 

Ndugu msomaji, apitaye mbele ya misikiti ya mji wetu wa Dodoma siku ya Ijumaa, saa moja kabla ya adhana, hakosi kuwaona vijana waliopanga vichupa juu ya meza ndogo au juu ya kitambaa kilichotandikwa chini. Miski, udi, waridi, ambari, asumini. Na pembeni mwa hivyo huwapo chupa ya mafuta ya karafuu. Hii hainunuliwi kwa kunukia tu. Huyu anaitaka kwa ajili ya jino linalomsumbua, yule kwa kusugua magoti, na mama mwingine anaitaka kwa mtoto anayeota meno.

Wiki chache zilizopita, baada ya swala, alinifuata bibi mmoja akiwa amembeba mjukuu wake. Mtoto ana mwaka mmoja na miezi kadhaa, anaota meno, na usiku halali. Bibi, kwa huruma yake, amekuwa akichovya kidole katika mafuta ya karafuu na kumpaka ufizi asubuhi, mchana na usiku. Sasa ufizi umekuwa mwekundu mno, na ngozi ya pembe za mdomo imechubuka. Akaniuliza: "Sheikh, mama zetu walitupaka karafuu na hatukufa. Hiki ni kitu cha asili, hakina kemikali. Kimemdhuru vipi mjukuu wangu?"

Nilimjibu: "Mama, hata nyumbani kwetu tumetumia. Lakini mpeleke mtoto hospitali leo hii, na hayo mafuta yaache mpaka daktari akwambie." Akaondoka, nami nikabaki na ile kauli yake kwamba karafuu haina kemikali.

Mimi si tabibu wala si mkemia. Nimesoma dini madrasa na kisha chuo kikuu, na kote nilikopita nilifundishwa agizo la Qur'ani la kuwauliza wenye elimu pale tusipojua. Basi niliuliza na nikasoma, na haya ninayoyaandika ndiyo niliyoyapata.

Harufu njema ni katika Sunna

Tujikumbushe kwanza kwamba manukato kwa Muislamu si anasa ya wenye fedha. Imepokewa na Imamu Bukhari kutoka kwa Salman al-Farisi (R.A.) kwamba katika adabu za Ijumaa ni kuoga, kujitwaharisha kwa kadiri mtu awezavyo, kujipaka mafuta na kutumia manukato yaliyomo nyumbani. Na kutoka kwa Anas (R.A.) tunajua kuwa Mtume (S.A.W.) hakuwa akirudisha zawadi ya manukato. Kwa hiyo asije mtu akadhani kuwa makala hii inakuja kuwanyang'anya watu vichupa vyao.

Lakini dini hiyo hiyo iliyotufundisha kunukia ndiyo iliyoweka kanuni kwamba mtu asijidhuru wala asimdhuru mwenzake. Wanazuoni wameijengea kanuni hiyo milango mingi ya fiqhi, kuanzia mambo ya jirani na ukuta wake hadi mambo ya biashara na tiba. Mafuta ya karafuu yanaingia katika milango yote miwili ya mwisho.

Ni nini kinachonukia?

Harufu ya karafuu, na ule ukali unaouma ulimi kisha ukaufanya mdomo kuwa na ganzi, hutokana hasa na kitu kimoja ambacho wakemia hukiita yujenoli. Jina hilo limetokana na Eugenia, jina la zamani la kitaalamu la mkarafuu. Siku hizi wataalamu wa mimea huuita Syzygium aromaticum. Yujenoli imo pia, kwa viwango vidogo zaidi, katika kungumanga na katika mrehani, na majani ya mdalasini yanayo kwa wingi. Kwa hiyo bibi yetu, Allah amhifadhi, hakusibu aliposema kuwa karafuu haina kemikali. Karafuu yenyewe ndiyo kiwanda cha kemikali hiyo. Mwenyezi Mungu ameumba mti unaoitengeneza, na binadamu kazi yake ni kuikamua tu.

Na sehemu kubwa ya hadithi hii ni ya kwetu. Mikarafuu asili yake ni visiwa vya Maluku vilivyo Indonesia ya leo. Wafaransa waliipeleka visiwa vya Bahari ya Hindi mwishoni mwa karne ya 18, na kutoka huko ikafika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, kisha Seyyid Said bin Sultan akaieneza Unguja na Pemba kwa mashamba makubwa. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na Pemba ikawa ndiyo nchi ya karafuu hadi leo. Sisi wa bara tusisahau kwamba mikono mingi iliyochuma karafuu hizo katika karne ile haikuwa huru, na kwamba misafara iliyoichukua mikono hiyo ilipita katika nyika zetu hizi za Ugogo na Mpwapwa. Utumwa ulifutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897 tu.

Huko Wawi, karibu na Chake Chake, Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar lina kiwanda cha kukamua mafuta haya. Hutumika karafuu zenyewe, majani yake, na makonyo, yaani vile vijiti vinavyobaki karafuu zikishachambuliwa. Mvuke wa maji moto hupitishwa katika mali hiyo, ukabeba mafuta, ukapozwa, kisha mafuta na maji vikatengana. Wataalamu wa Kiislamu waliandika juu ya ufundi huu wa ukenekaji wa manukato zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Al-Kindi wa Baghdad, katika karne ya 9, ni mmoja wao. Katika mafuta yatokanayo na karafuu zenyewe, yujenoli huwa kama asilimia 70 hadi 90. Katika mafuta ya makonyo huweza kuzidi hapo.

Hapa ndipo panapotaka mazingatio. Mafuta haya si karafuu tena kwa maana tuijuayo jikoni. Ni karafuu nyingi zilizokusanywa mahali padogo. Karafuu moja kavu ina uzito wa takriban sehemu moja ya kumi ya gramu, na mafuta yaliyomo ndani yake ni kama asilimia 15 hadi 20 ya uzito huo. Ukipiga hesabu utaona kuwa kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya karafuu, mililita 5, ni sawa na mafuta ya karafuu kama 300. Mpishi wa pilau ya harusi huko Kondoa hawezi kuzitia karafuu 300 katika sahani ya mtu mmoja, na akizitia hakuna atakayeweza kula. Ndugu msomaji, karafuu ya pilau haina ubaya wowote, endelea kuipika.

Kijiko kimoja na mtoto mmoja

Kamati ya pamoja ya wataalamu wa Shirika la Afya Duniani na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa ilipima jambo hili mwaka 1982. Iliweka kiasi cha yujenoli ambacho mtu anaweza kukipata kila siku maisha yake yote bila hofu: miligramu 2.5 kwa kila kilo moja ya uzito wake. Mtoto wa kilo 10, kama yule mjukuu, kiasi chake ni miligramu 25 kwa siku. Tone moja la mafuta ya karafuu lina yujenoli kama miligramu 40. Kijiko kimoja cha chai kina zaidi ya miligramu 4,000.

Nisieleweke vibaya. Kiasi kile cha miligramu 25 ni mpaka wa tahadhari kwa mtu anayekula kila siku. Si kwamba mtoto akilamba tone moja atapata madhara makubwa papo hapo. Lakini tone la kidole mara tatu kwa siku, kwa wiki nzima, kwa mtoto anayelimeza lote pamoja na mate, si jambo dogo kama tulivyozoea kulichukulia. Na kijiko ni habari nyingine kabisa.

Mwaka 1993 madaktari wa Uingereza waliandika katika jarida la tiba ya watoto habari za mtoto wa miaka miwili aliyekunywa kati ya mililita 5 na 10 za mafuta ya karafuu. Mtoto yule alipoteza fahamu, akapata degedege, damu yake ikashindwa kuganda, na ini lake likadhurika. Alikuwa ukingoni mwa mauti, kisha Allah akamjaalia kupona kwa matibabu ya hospitali. Mwaka 2005 wakaandikwa wengine tena: mtoto wa miezi 15 aliyekunywa mililita 10, na ini lake likafeli. Huyo alitibiwa kwa dawa ile ile anayopewa mtu aliyezidisha parasetamoli, naye akapona.

Kufanana huko na parasetamoli hakukutokea kwa bahati. Ini lina akiba ya kitu kiitwacho glutathioni, ambacho kazi yake mojawapo ni kuzima sumu. Yujenoli ikiingia nyingi kwa mara moja, akiba ile humalizika, na mabaki yenye sumu huanza kuzila seli za ini lenyewe. Ini la mtoto ni dogo na akiba yake ni ndogo.

Sasa angalia chupa zinazouzwa kwenye meza zetu. Ile ya tola moja hubeba kama mililita 12. Yaani chupa moja, ile inayokaa juu ya kabati la chini kando ya kitanda, inabeba zaidi ya kiasi kilichomfikisha mtoto wa Uingereza mlangoni mwa kaburi. Inanukia vizuri. Kifuniko chake mtoto wa miaka miwili anaweza kukifungua kwa meno. Na ikitokea katika kijiji cha Chemba au Manyoni, wakati wa masika barabara ikiwa imekatika, hospitali yenye dawa hiyo iko mbali.

Likitokea, Allah atuepushie, yafaa mzazi ajue la kufanya. Usimtapishe mtoto wala usimtie kidole kooni, kwa kuwa mafuta haya yakirudi juu yanaweza kuingia mapafuni, na mapafu yakaumia kuliko tumbo. Usimpe dawa yoyote ya kienyeji ya kuvunja sumu. Mfute mdomo, chukua chupa yenyewe hata kama imebaki tupu, na umkimbize kituo cha afya, hata kama kwa macho yako anaonekana mzima. Dalili za ini huweza kuchelewa saa nyingi. Chupa ni ya kumwonesha daktari ajue anapambana na nini. Mwambie wazi: mafuta ya karafuu, kiasi hiki, saa fulani. Wazazi wengine huona haya wakaficha, na saa zinapita.

Ngozi nayo ina haki yake

Madhara ya ngozi ni mepesi kuliko hayo, lakini yanawagusa watu wengi zaidi. Mwaka 1977 daktari wa ngozi wa Marekani aitwaye Larsen alikusanya vitu vinane vya kunukia ambavyo vilikuwa vikiwaletea watu mzio mara kwa mara, akavifanya mchanganyiko wa kupimia wagonjwa. Yujenoli ilikuwa mmoja wa wale wanane, na mchanganyiko huo bado hutumika katika hospitali za ngozi duniani.

Mzio wa namna hii una tabia ya kuhadaa. Mtu hupaka manukato mwaka mzima bila tatizo, mwili ukiwa unajifunza polepole kumchukia mgeni yule. Kisha siku moja shingo inaanza kuwasha, vipele vinatoka, ngozi inakuwa nyeusi na kukauka. Na kwa kuwa vipele hutokea siku moja au mbili baada ya kupaka, mgonjwa hulaumu sabuni, hulaumu vumbi la Dodoma, hulaumu hata jicho la jirani, wala haikumbuki chupa ya Ijumaa. Mwili ukishajifunza hausahau. Mwenye mzio wa yujenoli hubaki nao maisha yake, naye amweleze hata daktari wa meno, kwa sababu dawa ya muda ya kuzibia meno mara nyingi ni yujenoli iliyochanganywa na oksidi ya zinki.

Ndugu yake yujenoli, aisoyujenoli, ni mkali zaidi kwa ngozi. Huyu hutengenezwa kutokana na yujenoli yenyewe, na pia amo kwa asili katika langilangi na kungumanga. Mwaka 1998 chama cha kimataifa cha watengeneza manukato kiliushusha mpaka wake mara kumi, kutoka asilimia 0.2 hadi asilimia 0.02 ya kitu kinachopakwa, na sheria ya Umoja wa Ulaya imeshika mpaka huo huo. Mwezi Juni 2023 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani ikamweka katika kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani. Hapa naomba tusitie chumvi: kundi hilo hueleza tu kuwa upo ushahidi fulani, wenye mipaka, halielezi kuwa mtu aliyejipaka atapata saratani. Wapo watu ambao wakisikia neno hilo huacha hata kula pilau.

Yujenoli yenyewe haikupigwa marufuku na yeyote. Umoja wa Ulaya, kwa agizo la mwaka 2003 lililoanza kutumika 2005, ulitaka tu vitu 26 vya kunukia vitajwe kwa majina yake juu ya chupa, nayo yujenoli ikiwamo, ikiwa imezidi asilimia 0.001 katika kitu kinachobaki mwilini, yaani gramu moja katika kilo mia moja. Mwaka 2023 orodha hiyo iliongezwa ikazidi vitu 80. Msingi wa sheria hiyo ni kumwezesha mwenye mzio asome na ajiepushe. Mimi naona hii ni fiqhi nzuri sana ya biashara, hata kama walioiandika hawakuikusudia hivyo.

"Haina pombe, sheikh"

Vijana wetu wa vichupa wana neno moja la kuuzia: haina pombe. Na waumini wengi, kwa kujitoa katika khitilafu ya wanazuoni juu ya utwahara wa spiriti iliyomo kwenye manukato ya dukani, huyapendelea mafuta haya. Sina neno na ihtiyati yao. Lakini yafaa tujue kwamba kutokuwa na pombe kunajibu swali la najisi, hakujibu swali la madhara. Manukato ya spiriti aghalabu huwa yamezimuliwa sana. Ndani ya chupa sehemu kubwa ni spiriti na maji. Mafuta matupu ya karafuu hayakuzimuliwa na chochote. Mtu anayeyapaka shingoni yakiwa matupu anaweka juu ya ngozi yake yujenoli asilimia 80, kisha anatoka katika jua la saa saba mchana.

Wataalamu wa mafuta ya kunukia hushauri kuwa mafuta ya karafuu yasizidi nusu ya asilimia moja katika kitu kinachopakwa mwilini. Maana yake ni tone moja katika vijiko viwili vya chai vya mafuta mengine. Nasi wa kanda ya kati hatuna udhuru: mafuta ya alizeti ya Singida na Dodoma yamejaa sokoni, na yanafaa kabisa kwa kazi hiyo. Kisha mtu ajaribu kwanza sehemu ndogo ya ndani ya kiwiko, asubiri siku mbili, na kama hapakuwasha ajipake. Anayewashwa aache kabisa, wala asijaribu kuizoesha ngozi yake.

Na hata aliyezimua awafikirie walio kando yake katika safu. Mtume (S.A.W.) aliwazuia waliokula vitunguu saumu wasikaribie msikiti kwa sababu ya kuwaudhi wengine. Manukato si kitunguu saumu, na hukumu zake ni mbalimbali, lakini wapo waumini wenye pumu ambao harufu kali ya mtu aliyejimwagia nusu chupa huwabana kifua, wakaswali safu ya nyuma au wakabaki nyumbani. Nimewahi kumwona mzee akitoka katikati ya khutba kwa sababu hiyo.

Muuzaji na mtoa dawa

Nilimwendea kijana mmoja wa vichupa, nikamsalimu, nikamuuliza haya mafuta ya karafuu ameyatoa wapi. Alinijibu kwa adabu kuwa huletewa kwenye dumu kutoka Dar es Salaam, yeye hujaza tu. Ni ya karafuu zenyewe, ya majani au ya makonyo? Hajui. Yamechanganywa na nini? Hajui. Chupa haikuwa na karatasi hata ya jina. Simlaumu peke yake. Aliyemletea naye huenda hajui.

Lakini tunaijua habari ya Mtume (S.A.W.) alipotia mkono katika lundo la nafaka sokoni akakuta chini kuna unyevu, na jinsi alivyomkemea mwenye mali kwa kutoweka wazi kile kilicholowa. Kuficha kasoro ni ghushi. Na kuuza kitu kikali bila kumwambia mnunuzi kuwa ni kikali, kwa maoni yangu, hakuko mbali na hapo. Katika nchi yetu kazi ya kusimamia usalama wa vipodozi, ambayo zamani ilikuwa ya TFDA, ilihamishiwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS) mwaka 2019. Shirika haliwezi kusimama kwenye kila meza ya kila msikiti. Kwa muuzaji, kipande cha karatasi chenye maneno matatu, jina la mafuta, kwamba si ya kunywa, na kwamba yawekwe mbali na watoto, ni gharama ndogo. Mafuta haya pia yawekwe katika chupa ya kioo, kwa kuwa yujenoli huyeyusha baadhi ya plastiki, na chupa iwe ya rangi nzito, kwani mwanga na hewa huyaharibu.

Upo pia mlango wa tiba. Katika hadithi waliyoipokea Abu Daud, Nasai na Ibn Majah, mwenye kuwatibu watu ilhali hajulikani kuwa na elimu ya tiba, basi ni mdhamini wa madhara yatakayotokea. Nawaomba masheikh wenzangu, waganga wa tiba za asili na akina mama wanaoshauriana katika vikao vyao waikumbuke hadithi hiyo kabla ya kumwambia mtu ampe mtoto wake matone mawili ya karafuu kwa tumbo au kwa kikohozi.

Jino la mtu mzima ni jambo jingine. Hapo karafuu ina faida ya kweli. Yujenoli hutia ganzi neva, na nguvu yake hiyo ni kubwa kiasi kwamba watafiti na wafugaji huitumia kuwalaza samaki wanapotaka kuwapima. Tone moja kwenye pamba, likaguswa kwenye jino lenyewe na si kwenye ufizi, hutuliza maumivu ya usiku mmoja. Halitibu jino. Anayetumia wiki ya pili anachelewesha safari ya kwa daktari tu, na huku anaunguza ufizi. Niliulizwa pia Ramadhani kama hilo linafunguza: kuweka dawa kwenye jino hakufunguzi maadamu hujameza kwa makusudi, lakini mafuta haya huchanganyika upesi na mate, hivyo aliyefunga ni bora asubiri usiku kama anaweza, na kama hawezi ateme. Wallahu a'lam.

Bibi yule nilimwona tena Ijumaa iliyopita. Hospitali walimwambia aache mafuta, amsugue mtoto ufizi kwa kidole kisafi na kumpa kitambaa safi kilicholowekwa maji baridi akitafune. Ufizi umepona, meno mawili yametoka. Chupa ameifungia kwenye sanduku la nguo, na alinieleza kuwa sasa atayatumia mwenyewe kwa magoti yake. Nikamwambia, "Sawa mama, lakini uyachanganye na alizeti kwanza." Akacheka, akasema na hayo nayo ataanza kuyapima kwa kijiko.